Betri ya taa na moteri ya mtumbwi: hesabu usiku wako kwanza

Usiku usio na mwezi, simama Kalundu karibu na bandari ya Uvira uangalie Ziwa Tanganyika. Utaona taa za wavuvi wa ndagala zimetapakaa juu ya maji, nyingine karibu hata unasikia watu wakiitana, nyingine mbali hadi zinachanganyika na taa za Bujumbura kule ng'ambo. Zamani zote zilikuwa karabai, zile taa za kupampu zinazokunywa mafuta ya taa, ambayo huku Uvira tunayaita petroli. Siku hizi nyingi ni taa za LED, na chini ya kila moja, ndani ya kisanduku au kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kamba, kuna betri. Na wapo wanaouliza sasa kama betri hiyohiyo inaweza kusukuma moteri ndogo ya umeme, ili wapumzike kununua esansi ya injini.

Nimeandika makala haya kwa sababu naona pesa nyingi za wavuvi zikipotea kwenye betri. Asubuhi moja nilikaa na mwenye mtumbwi mmoja ufukweni wakati vijana wake wanakung'uta nyavu. Betri yake ilikuwa ya gari, kainunua imetumika, na haijamaliza miezi miwili. Kwenye vichwa vyake palikuwa na unga mweupe wenye kijani kibichi, na ubavu mmoja ulikuwa umevimba kidogo kama tumbo la samaki aliyekaa juani. Aliniambia: "Kaka, mwanzo iliwaka mpaka alfajiri. Halafu ikawa saa nane usiku. Sasa saa sita tu, taa inakuwa nyekundu." Betri ile haikuwa na laana yoyote. Ilipewa kazi isiyo yake.

Basi tuanze hapo. Betri ya gari au ya lori imetengenezwa kwa kazi ya sekunde chache: kuamsha injini. Ndani yake kuna vipande vyembamba vingi vya risasi, yaani ile metali nzito laini, vinavyotoa umeme mwingi kwa mkupuo mmoja. Injini ikishawaka, betri inarudishiwa kile kidogo ilichotoa. Ukiiambia iwashe taa saa kumi mfululizo hadi iishiwe, vile vipande vyembamba vinaanza kumeguka na kudondoka chini. Ifanye hivyo mara kadhaa na imekwisha. Unachohitaji ni betri ya kutoa polepole na kwa kina, ambayo vipande vyake ni vinene. Wauzaji huiita betri ya sola, na kwenye ganda lake utakuta maandishi ya Kiingereza "deep cycle" au ya Kifaransa "décharge profonde". Ukikuta maandishi makubwa yanayosifu nguvu ya kuamsha injini, irudishe kwenye rafu.

Utajuaje ukubwa unaokufaa? Hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha, wanauliza bei kabla ya kujua wanataka nini. Kuna maneno matatu ya kujua, si zaidi. Volti ni msukumo wa umeme. Taa nyingi za mtumbwi ni za volti 12. Wati ni ulaji wa taa au moteri, imeandikwa juu yake. Na amperi-saa, inayoandikwa Ah, ni ukubwa wa betri, kama vile lita zilivyo kwa bidoni. Betri ya Ah 100 ni bidoni kubwa, ya Ah 7 ni kikombe.

Sasa hesabu usiku wako. Tuseme mtumbwi una taa tatu za wati 20, na mnawasha kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, saa kumi nzima. Zidisha: 3 mara 20 mara 10, unapata 600. Gawanya kwa volti 12, unapata 50. Usiku wako unakula Ah 50. Lakini usikimbie kununua betri ya Ah 50, maana betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Ukiinywa hadi tone la mwisho kila usiku, unakula maisha yake. Kwa hiyo kwa kazi hii unanunua ya Ah 100. Ukiwa na taa moja tu ya wati 20, usiku unakula Ah 17 hivi, na betri ya Ah 40 inakutosha vizuri. Fanya hesabu hii kwa kalamu, na taa yako ikiwa mbele yako, si kwa kumbukumbu.

Kuna aina nyingine inayoingia sokoni, ya lithiamu. Ile inayofaa mtumbwi ni ya fosfeti ya chuma. Kwenye ganda imeandikwa LiFePO4. Hii inavumilia kushushwa hadi robo au hata moja ya tano iliyobaki bila kuumia, na ndani yake kuna kilinzi, kibao kidogo cha elektroniki kinachokata umeme kabla haijaharibika. Ni nyepesi sana. Betri ya risasi ya Ah 100 ina uzito wa kilo 30 hivi, zaidi ya mfuko wa unga wa kilo 25. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo ni kilo 11 hadi 13. Kwenye mtumbwi unaobeba nyavu, watu na samaki, tofauti hiyo unaiona majini. Ina kasoro moja ya kujua mapema: betri ya risasi ikiishiwa, taa hufifia na kukuonya, lakini ya lithiamu hukatika ghafla, giza tupu. Weka tochi ndogo mfukoni.

Uzito huohuo ndio mzani wako wa kugundua betri feki. Mtu akikuuzia betri ya risasi iliyoandikwa Ah 100 nawe ukainyanyua kwa mkono mmoja bila shida, maandishi yanadanganya. Beba mizani ya kupimia samaki uende nayo dukani, wala usione haya. Betri ya risasi ya "Ah 100" yenye kilo 18 si ya 100. Ya lithiamu ya "Ah 100" yenye kilo 5 pia si ya 100. Kisha omba kipima volti, kile kifaa kidogo cha fundi chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 iko nusu. Chini ya 11.9 imekwisha, na ikiwa ilikaa hivyo dukani kwa miezi, usiichukue hata kwa punguzo. Kipima volti ni cha bei ndogo. Timu inayomiliki nyavu inastahili kuwa nacho chake.

Je, bei? Bei za Uvira hupanda na kushuka na dola, na hali ya barabara, na mpaka wa Kavimvira ukiwa wazi au umefungwa, kwa hiyo nakupa namna ya kupima badala ya namba ya kukariri. Gawanya bei kwa idadi ya usiku ambazo betri itakufanyia kazi. Chukua mfano: betri ya gari iliyotumika kwa dola 40 ikikupa usiku 40, umelipa dola moja kwa usiku. Betri nzuri ya risasi ya kazi ya kina kwa dola 150, ikishushwa nusu tu kila mara, inaweza kukupa usiku 400. Hiyo ni senti 37 hivi. Ya lithiamu kwa dola 350 ikikupa usiku 2,000, ni senti 17 au 18. Weka bei halisi ulizoambiwa dukani mahali pa hizi zangu, na ujue wavuvi wa ndagala hawatoki kila siku: ukiondoa siku za mbalamwezi, mwezi una usiku kama 20 wa kazi. Usiku 400 kwa hiyo ni zaidi ya mwaka na nusu. Kisha linganisha na petroli: lita ngapi karabai zako zinakunywa usiku mmoja, mara bei ya lita ya leo.

Maoni yangu ni haya. Kama ni taa peke yake na mfuko ni mwembamba, nunua betri moja nzuri ya risasi ya kazi ya kina na uitunze. Lithiamu ni rahisi zaidi kwa miaka, lakini zile usiku 2,000 ni zako tu ikiwa betri haikuibwa, haikuzama, na haikuwa feki. Mwenye uhakika wa mambo hayo matatu, na anunue lithiamu.

Kwa asiyeweza kununua peke yake, kuna njia iliyokwisha kujaribiwa na wavuvi wenzetu. Mwaka 2008, huko Mbita kwenye Ziwa Victoria upande wa Kenya, kampuni ya Ujerumani ya OSRAM ilifungua kituo cha kuchajia kwa jua kwa ajili ya wavuvi wa usiku, mradi ukaitwa Umeme kwa Wote. Mvuvi aliweka dhamana, akachukua taa na betri, kisha akalipa ada ndogo kila aliporudi kuchaji. Kinachofaa kuigwa hapo ni mpango wenyewe: timu tano za ufuko mmoja, paneli za pamoja, daftari moja, na mtu mmoja anayelipwa kukaa na betri mchana. Chama cha wavuvi kinaweza kuanza hivyo bila kampuni yoyote ya nje.

Sasa moteri. Nitasema wazi, maana hapa matumaini huwa makubwa kuliko hesabu. Moteri ndogo za umeme za volti 12 hupimwa kwa pauni za msukumo. Ile ya pauni 55 ikiwekwa mwendo wa juu kabisa inavuta amperi 50 hivi, yaani wati 600. Nguvu-farasi moja ni wati 746. Kwa hiyo moteri hiyo haifiki hata nguvu-farasi moja, wakati injini za esansi tunazozoea kuona huku ni za 15, 25 au 40. Haiwezi kuvuta katamara, ile mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, dhidi ya upepo wa kusi wa Julai. Yeyote anayekuambia inaweza, mwombe akuonyeshe ziwani, si dukani.

Inachoweza ni kazi ya mtumbwi mmoja mdogo karibu na ufuko: kutoka Mulongwe kwenda kukagua nyavu za kunasa zilizotegwa jioni, kusogea kimya kwenye miamba kuelekea Makobola kwa mshipi, kuusogeza mtumbwi wa taa mita mia bila kelele. Kwa mwendo wa polepole inavuta amperi 15 hivi. Betri ya lithiamu ya Ah 100 itakupeleka saa tano au sita kwa mwendo huo. Ya risasi, ukiheshimu ile nusu, saa tatu. Kwa mwendo wa juu, betri ya risasi ya Ah 100 haikufikishi hata saa moja. Na sababu si hesabu tu: ile Ah 100 iliyoandikwa hupimwa betri ikitoa umeme polepole kwa saa 20, amperi 5 tu muda wote. Ukiikamua amperi 50 kwa mkupuo, inatoa kidogo kuliko ilivyoandikwa. Ndiyo maana betri inayowasha taa usiku kucha bila taabu huzimia upesi ikifungwa moteri. Kwa moteri nunua lithiamu, na kabla ya kununua uliza ikiwa kilinzi chake kinaruhusu amperi zinazohitajika na moteri yako. Usitumie betri moja kwa taa na moteri; ukiishiwa umeme alfajiri, utakuwa gizani na mbali na nyumbani kwa wakati mmoja. Na kafi zibaki mtumbwini. Daima.

Kuchaji ndiko kunakoamua betri itaishi au itakufa. Umeme wa shirika la SNEL ukiwepo, tumia chaja ya kweli yenye kujizima, isiyozidi amperi 10 hadi 20 kwa betri ya Ah 100. Betri iliyobaki nusu, kwa chaja ya amperi 10, inahitaji saa tano na nyingine mbili tatu za kujaza vizuri. Umeme ukikatika katikati nawe ukairudisha majini hivyohivyo, siku baada ya siku, ndani ya betri ya risasi hujengeka ukoko mgumu mweupe na ukubwa wake unapungua kimyakimya. Mezani pa vijana wanaochajia simu na betri kwa jenereta, uliza kama wana chaja ya betri. Wengine hufunga nyaya tupu, na betri inachemka.

Ukitumia jua, paneli ya wati 100 katika siku nzuri ya Uvira inakupa kama wati-saa 400 zinazoingia kweli. Ule usiku wetu wa wati-saa 600, ukiongeza hasara ya njiani, unadai paneli mbili za wati 100. Misimu ya mvua, ongeza ya tatu au punguza taa. Kati ya paneli na betri weka kisanduku cha kudhibiti chaji, ambacho mafundi huita regulateri, na hakikisha kimewekwa kwa aina ya betri yako, risasi au lithiamu, maana hazilishwi sawa. Jua letu hupita karibu na utosi, kwa hiyo laza paneli iwe karibu bapa lakini iiname kidogo, mvua iioshe.

Siku za mbalamwezi, nyavu zinapoanikwa na watu wanapumzika, betri nyingi za risasi huuawa bila mtu kujua. Inarudi nusu, inasukumwa chini ya kitanda, inakaa siku kumi. Ichaji ijae kwanza, ndipo ipumzike. Na ikiwa ziwa litafungwa kwa muda mrefu, kama wenzetu wa upande wa Kigoma walivyofungiwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ichaji tena kila mwezi. Lakini usiichajie kwenye chumba cha kulala. Betri ya risasi ikichajiwa hutoa gesi inayowaka. Inahitaji hewa, na sigara iwe mbali.

Betri za kufunguliwa vifuniko zinahitaji maji. Tafadhali usiweke maji ya ziwa, hata yakionekana safi kama kioo. Maji ya Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka, na madini hayo yanaharibu vile vipande ndani. Nunua maji yaliyotoneshwa, yale ya betri, ujaze mpaka yafunike vipande tu. Tindikali usiongeze. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa robo saa nzima kisha nenda hospitali, hata kama maumivu yametulia.

Mtumbwini, betri ikae katikati na chini, kwenye sanduku la mbao lenye kifuniko, limeinuliwa juu ya maji yanayokusanyika, limefungwa kamba. Iwe mbali na bidoni la esansi. Karibu kabisa na kichwa chenye alama ya kujumlisha weka fyuzi, kile kiwaya kinachoungua kwanza ili mtumbwi usiungue: ya amperi 10 kwa taa zetu tatu, ya 60 kwa moteri ya amperi 50. Nyaya za moteri ziwe nene, za milimita za mraba 16 na fupi. Nyaya nyembamba za taa ukizifunga kwenye moteri zitayeyuka. Ukiunganisha betri mbili, ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja, kujumlisha kwa kujumlisha, kutoa kwa kutoa. Ukiunga kujumlisha kwa kutoa kwa waya mmoja, utapata volti 24 na taa zako zinaweza kuungua; ukizigeuza nyaya zote mbili, ni shoti: nyaya zinaungua na betri inaweza kulipuka. Na mpya usiiunganishe na nzee. Ile nzee itaishusha mpya.

Imebaki betri iliyokufa. Najua inakokwenda: inapasuliwa nyuma ya nyumba, risasi inayeyushwa kwenye sufuria, inageuzwa vizito vya nyavu. Nakuomba usifanye hivyo, na usimruhusu kijana wako afanye. Moshi na vumbi la risasi huingia mwilini na kubaki, na kwa mtoto mdogo huharibu ubongo bila kurudi. Owino Uhuru, mtaa mmoja wa Mombasa, ulikuwa jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri za zamani. Watoto waliugua, mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapo, Phyllis Omido, akagundua mwanawe ana sumu hiyo mwilini akaanza kupigania wenzake, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kule palikuwa kiwanda. Sufuria ya nyuma ya nyumba haina hata bomba la moshi, na kuku na watoto wako hapohapo.

Betri nzee nzima ina thamani. Ibebe ikiwa wima, haijapasuliwa, uende nayo siku unayonunua mpya, na umwombe muuzaji aikate kwenye bei. Mfanyabiashara anayeipeleka kwa wanunuzi wa risasi atakubali. Vizito vya nyavu vitengenezwe kwa udongo uliochomwa, au mawe ya mto Kalimabenge yaliyofungwa vizuri.